Echati na Kaburi la Kuazima

Wasichana wengine wa chuo Jumapili hulala mpaka saa nne, wakiamka wanasukana nywele, wakimaliza kusukana wanapigana picha. Echati yeye alikuwa anakwenda makaburini. Nasema kama ilivyokuwa, simsengenyi. Asubuhi ya Jumapili ungemkuta kwenye ngazi za mawe za mtaa wetu wa Ambohipo, kavaa buti za mpira na sweta la kiume, chupa ya chai kwapani, anawangoja wenzake waende kutazama kilima kingine cha watu wa kale. Nikamtungia jina, Mama Makaburi, na mtaa mzima ukalishika.

Kwao ni kisiwa cha Ngazidja, mji wa Mitsamihuli. Alikuja Antananarivo kusomea uhasibu, kama watoto wengi wa visiwa vile wanavyokuja. Mimi mtu wa Tanga. Nilimfuata mume huku, mume akaenda zake, nikabaki na cherehani na baridi, na sasa hata ndoto naziota kwa lugha yao. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini kwa Neny Voahangy, Echati kapanga cha juu, na katikati anakaa Neny mwenyewe na binti yake Lalaina. Neny maana yake mama. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu mtaa mzima ulikula mkononi mwake. Aliuza mofo gasy na kahawa pale kwenye kona ya ngazi. Mimi naviita vitumbua, wao wanasema si vitumbua hata kidogo, na nimechoka kubishana nao.

Mwaka wake wa kwanza Echati alilia kila Jumapili. Siku za kazi kulikuwa na masomo, lakini Jumapili watu wa huku wote wana pa kwenda: kanisani, kisha kwa wazee wao, kisha mezani. Mgeni anabaki kutazamana na ukuta. Nilimsikia akivuta kamasi huko juu mpaka nikapanda.

"Mwanangu, toka nje utembee," nikamwambia. "Machozi yako yatanilowesha dari."

Akatoka kwa hasira bila hata kuniaga. Alirudi jioni miguu myekundu kwa udongo, kapanda kilima kimoja cha wafalme wa zamani, na uso umemchangamka.

"Bi Thuwaiba, kuna handaki limezunguka kilima chote. Kwenda chini ni kama nyumba hii. Limechimbwa kwa mikono."

"Sasa?"

"Nani alilichimba?"

"Si hao wafalme?"

"Wafalme hawachimbi," akasema, akakaa kitandani kwangu na buti zake chafu. "Nimemuuliza mtembezaji, akakohoa. Nimemuuliza tena, akanionyesha mandhari."

Tangu siku hiyo hakulia tena, ila alinichosha. Alikusanya wenzake, wawili wa kwao na wawili wa hapa hapa, wakawa watu wa Jumapili. Kilima baada ya kilima. Mtembezaji atasema mfalme alikula nini, alilala upande gani, alikuwa na wake wangapi. Echati atasikiliza kwa adabu zote, halafu atauliza swali lake moja: handaki alichimba nani, na lile jiwe la duara la kufungia lango alilibeba nani. Wenzake walikuwa wakimkanyaga mguu.

Walimkanyaga kwa sababu. Kwetu pwani mgeni anaulizwa wewe mtoto wa nani, wa mji gani, na hiyo ndiyo heshima yake. Huku nyanda za juu ukiuliza hivyo unaweza kubomoa nyumba ya watu. Mtu wa huku ni kaburi la wazee wake. Atajenga nyumba ya udongo akae, kaburi atalijenga kwa mawe, na akifa ndimo atakamoingizwa alale na babu zake. Asiye na kaburi la ukoo, watu wananyamaza, lakini wote wamekwisha kujua: wazee wake walinunuliwa. Ni mambo ya zamani sana na hakuna anayeyataja mezani, ila siku ya posa yanafika kabla ya wageni.

Echati alijifunza hilo kwa kujikwaa. Asubuhi moja, bado mgeni, alichuchumaa pale jikoni kwa Neny akauliza kwa furaha tele, "Neny, kaburi lenu ninyi liko wapi? Nataka nikalione."

Neny akageuza kitumbua. "Mbali," akasema. "Mashariki huko." Akageuza kingine kilichokuwa bado hakijaiva.

Basi, ndipo Lalaina akapata mchumba. Kijana anaitwa Tovo, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, mpole, vidole vyeusi kwa wino daima. Nilimpenda. Kwao ni watu wenye kaburi lao kubwa, na mkubwa wao ni babu yake, Dadabe Rabenja, mstaafu wa reli, mzee wa kofia ya ukindu na maneno makali. Mama yake Tovo, Madama Hanta, alikuwa amekwisha kumuuliza Neny kwa ile njia yao ya kuzunguka, naye Neny akajibu kwamba wazee wake wako Ambohitsoa, kilima kimoja cha wafalme huko mashariki. Mambo yakaenda vizuri mpaka Dadabe akatuma neno. Alisema kabla hawajaleta zawadi za posa, yeye atakwenda na familia zote mbili huko Ambohitsoa kuwasalimu wazee wa binti na kuomba baraka. Alisema haingii nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Jumamosi ile Echati alikuwa kwangu, namshonea mfuko wa koti. Neny akaingia, akafunga mlango.

"Echati, mwanangu. Wewe unayajua makaburi yote."

"Si yote, Neny."

"Nitafutie moja. Ambohitsoa."

"La nani?"

"Lisilo na mwenyewe."

Nikacheka. Kisha nikamtazama usoni nikaacha kucheka.

"Nataka kuliazima," Neny akasema. "Asubuhi moja tu. Nisimame mbele yake, wazee waseme maneno yao, tuondoke. Silibomoi, silihamishi."

"Neny, waliomo watasikia," Echati akasema.

"Watanisamehe. Wao hawana harusi ya kuharibika."

"Njia ya mwongo ni fupi, Voahangy," nikamwambia mimi, maana kunyamaza sijaweza.

"Na ya mkweli nimeipita, Thuwaiba. Unadhani baba yake Lalaina alikufa? Yuko hai, anauza matairi. Alinipenda mpaka siku kwao walipouliza. Nikajibu ukweli, mimi na utoto wangu, na mimba ya miezi mingi. Hawakunitukana. Walinipa chai, wakanisindikiza mpaka mlangoni, na yeye akabaki ndani." Akajifunga vizuri nguo yake ya kiunoni. "Mwanangu hasindikizwi mlangoni. Ndiyo shida yangu, sina nyingine."

Nilikaa na Neny miaka yote ile na hilo sikulijua. Nilimhurumia mpaka nikajichoma sindano.

Kesho yake Echati alikwenda Ambohitsoa na wenzake, mvua inanyesha, wakarudi jioni wamelowa chapa. Alipita moja kwa moja kwa Neny, nami nikamfuata, hakuna aliyenialika.

"Lipo," akasema. "Kubwa, la mawe, juu karibu na lango. Mlango wa chuma umeota kutu, nyasi juu yake zimefika kiunoni. Wenyewe walihamia Ufaransa zamani. Hakuna atakayekuja kukuuliza."

Neny akamshika mikono yote miwili akaibusu. Ingekuwa mimi, ningeishia hapo. Echati hakuishia.

"Kuna kitu kingine, Neny. Chini, nje ya handaki, pembeni ya mashamba ya mpunga, kuna mawe yamesimamishwa. Madogo tu. Yuko mama analima mboga hapo, ndiye anayeyafagia. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya wale waliochimba handaki, na watoto wao. Akanitajia majina. Kuna mmoja anaitwa Kala, aliyekuwa na binti, Razay, aliyekimbilia mjini kuuza vitumbua."

Mama yake Neny alikuwa akiitwa Razay. Mimi mwenyewe nilimkuta hai.

"Akasema wale wa mwanzo waliletwa kutoka ng'ambo," Echati akaendelea. "Upande wa kwetu, Neny. Walipitishwa visiwani. Huenda ni sisi tuliowauza."

Neny alimwachia mikono. "Nilikutuma kaburi," akasema. "Mawe sikukutuma."

Wiki ile Echati alikunywa chai kavu. Akishuka asubuhi, vitumbua vimekwisha. Akishuka mapema zaidi, vitumbua bado. Nikamwambia, "Umejitakia. Mtoto wa watu kakuomba maji, wewe umemchimbia kisima na nyoka ndani." Alikuwa na mtihani, lakini nilimsikia juu akitembea, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi.

Ijumaa akashuka, akasimama mbele ya Neny jikoni.

"Nitawapeleka," akasema. "Njia naijua. Lakini mimi sitasema kaburi ni la nani. Ukisimama, Neny, utasema mwenyewe."

"Hilo tu nilitaka," Neny akajibu, akampa kitumbua kimoja. Kilikuwa kimeungua.

Siku ya safari tulikuwa gari mbili. Upande wa Tovo walijaa, shangazi na wajomba, wote wamejitanda malamba yao meupe, shuka za heshima. Upande wa Neny alikuwa yeye na Lalaina. Mimi nilikwenda kwa kuwa nguo zao nilizishona mimi, na watu wa Jumapili walikwenda kwa kuwa Echati alikwenda, nao hawajui kukaa nyumbani. Dadabe Rabenja alilalamika tangu mjini mpaka mlimani. Kiti kigumu, dereva mpumbavu, vijana wa siku hizi hawajui kubeba chupa ya rumu ya tambiko bila kuitikisa. Madama Hanta alivaa viatu vya kisigino, na kila hatua vilizama kwenye udongo, naye kila hatua akamtazama Neny kana kwamba udongo ni wa Neny.

Echati akatangulia. Tukapita lango, pale jiwe la duara lilipoegemea ukuta, na mbele yetu likawa lile kaburi kubwa, mawe yamepangwa vizuri, mlango wa kutu, nyasi. Echati akasimama kando, akainamisha kichwa, akafunga mdomo wake kama alivyoahidi.

Neny naye akasimama. Watu wote wakasimama nyuma yake. Dadabe akavua kofia. Jamaa yao mmoja akaanza kufungua rumu, na Lalaina, ambaye hakujua lolote, akatabasamu akatengeneza lamba lake begani. Nilimwona Neny anavuta pumzi ya kusema. Nilitaka aseme, nakiri. Nilitaka aseme uongo wake tukale wali.

"Si hapa," Neny akasema.

Akaendelea kutembea. Tukamfuata mpaka ukingo wa handaki, mahali njia inapoteremka kwenda mashambani, na huko chini kwenye unyevu mawe madogo yalionekana. Akakunja kidole, maana kaburi halinyooshewi kidole, akaelekeza kwa kifundo.

"Dadabe, wangu wako kule. Hawakuzikwa juu kwa sababu hawakuwa watu wa juu. Mama yangu alizaliwa pale. Madama Hanta aliniuliza, nikasema Ambohitsoa. Sikusema Ambohitsoa sehemu gani."

Lalaina alimshika mama yake kiwiko kwa nguvu, uso umemwiva.

"Tovo," Madama Hanta akasema, "kawashe gari."

Tovo hakusogea. Alikuwa anatazama vidole vyake vya wino. Babu yake ndiye aliyesema, tena hakumtazama Neny, aligeuka akatazama tulikotoka.

"Lile kaburi ni la akina Randria. Nilikula wali na nguruwe pale ujanani, siku walipowatoa wazee wao kaburini kuwabadilisha sanda, kama ilivyo desturi. Ule mlango wa chuma, mmoja wa walioubeba nilikuwa mimi, na mgongo huu haujapona mpaka leo. Nilipoona tunaelekea pale nikasema haya, leo nitamwona mtu akiiba babu."

"Kwa hiyo ulijua," Neny akasema.

"Nilijua kwamba lile si lako. Lako nilikuwa silijui. Si ndiyo sababu nikaja?"

"Baba," Madama Hanta akasema, naye sasa alikuwa karibu ya kulia, na sitamnyima haki yake, alikuwa mama kama mwenzake. "Watu watasema nini? Watoto wake Tovo watazikwa wapi? Ndugu zetu watakubali mlango ufunguliwe?"

"Ufunguo wa kaburi letu anao nani?"

"Wewe."

"Basi usiwaulize ndugu." Akavaa kofia yake, akaivua tena. "Na wewe mama wa binti usifurahi mapema. Sijasema nimekubali. Nimesema nashuka."

Akashuka, fimbo mbele, analaani utelezi. Baadhi ya shangazi wakashuka, baadhi wakabaki juu. Madama Hanta alibaki. Harusini alikuja, akakaa meza ya mwisho, akala vizuri tu. Pale chini mpaka leo hajashuka.

Tulipofika kwenye mawe Dadabe alitazama kushoto na kulia.

"Baraka haiombwi na mtu mmoja. Wa upande wako wako wapi?"

Neny akageuka. Nyuma yake alikuwa Lalaina peke yake. Echati akatoka kwetu, buti zake zikapiga tope, akaenda akasimama kando ya Neny na chupa ya asali ya tambiko mkononi.

"Mimi, Dadabe."

"Wewe ni nani?"

"Mpangaji wa juu."

"Mpangaji si ukoo, binti."

"Najua," Echati akasema. "Hata hawa hawakuja na ukoo wao. Walitolewa kwa watu wao, wengine wakapitishwa kwetu, wakaletwa hapa kuchimba. Kama wananitaka niondoke, wana haki. Lakini mtu wa kusimama na Neny ndiye mimi."

Wale wanafunzi wengine wakaenda nao, mmoja mmoja, wakajipanga nyuma ya Echati. Nikabaki mimi na viatu vyangu vipya vya ngozi. Nikaviangalia viatu, nikamwangalia Voahangy, shoga yangu, aliyenilisha mwaka mzima nilipoachika na hakuwahi kuniuliza mimi ni wa nani. Nikaingia topeni.

"Haya," Dadabe akasema. "Mpangaji, mimina asali."

Echati akamimina. Rumu alimimina Tovo, akamwaga nusu kwenye suruali yake, babu akamwita mpumbavu. Kisha mzee akachuchumaa kwa taabu, akaweka kiganja juu ya jiwe la kwanza.

"Majina," akasema.

Neny alimjua mama yake tu, naye alizikwa mjini. Wengine hakuwajua. Hakuwahi kukanyaga pale maisha yake yote. Echati akainama akamnong'oneza Dadabe sikioni, jina baada ya jina, kama alivyotajiwa na yule mama wa mboga, na mzee akayarudia kwa sauti ile ya watu wa reli iliyozoea kushindana na garimoshi. Akawaita wote kwa heshima, akawaambia kuna kijana amekuja kupiga hodi, akaomba wampokee. Alipofika kwa Kala akasita, akamuuliza Echati, "Huyu ni nani wake?"

"Bibi yake. Mzaa mama."

"Bibi Kala," Dadabe Rabenja akaita, mtu mwenye kaburi la mawe na ufunguo mfukoni, "mjukuu wako amefika."

Neny alikuwa hajawahi kulisikia jina lile mdomoni mwa mtu wa juu. Akakaa chini, pale pale kwenye tope, na lamba lake jeupe, na hakuna aliyemwinua.